Usiitupe laptopu kwa sababu haina Wi-Fi

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kazi ya mteja fulani ilinibana, na kila nikitoka ofisini sikuwa na hamu ya kuona kibodi tena. Lakini juzi dada yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Mombasa, na tangu siku hiyo nina jambo limenikaa kooni.

"Mdogo wangu," akasema, "ile laptopu uliyonipa imekufa."

Nikamuuliza imekufaje. Haiwaki? Inawaka. Kioo kimevunjika? Kioo kizima. Sasa imekufaje? "Haishiki Wi-Fi. Nimeipeleka kwa fundi hapa mjini, ameniambia hii ni ya kizamani, haiwekeki Wi-Fi, ninunue nyingine. Nataka kukopa elfu thelathini na nane kwenye chama."

Elfu thelathini na nane! Kwa ajili ya redio ndogo isiyofika ukubwa wa kucha ya kidole gumba!

Acha nieleze kidogo. Laptopu yenyewe ni ya mwaka 2008, ina prosesa ya Core 2 Duo, nami niliinunua mtumba mwaka 2011. Ilikuwa mali ya ofisi fulani ng'ambo, na ofisi hiyo iliagiza mashine zake bila kadi ya Wi-Fi. Kwa miaka mingi dada hakuliona pengo hilo, kwa sababu alitumia modemu ya 3G, zile za kuchomeka kwenye USB ambazo kila mtu alikuwa nazo mfukoni wakati ule. Sasa modemu imekufa kweli. Mwenye nyumba ameleta intaneti ya faiba, ruta iko sebuleni kwake ghorofa ya chini, na kila mpangaji anachangia kidogo apewe nywila. Kuvuta kebo ngazi mbili haiwezekani. Na mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, anasubiri kuitwa chuoni, na amejiandikisha kozi ya kupanga programu mtandaoni. Hata ombi lenyewe la nafasi ya chuo kupitia KUCCPS linafanywa mtandaoni. Kijana asiye na intaneti leo ni kama yule wa zamani asiye na nauli: anajua anakotaka kwenda, lakini atabaki stendi.

Maoni yangu nayatoa mapema, ili asiye na muda ayasome hapa kisha aende zake: laptopu haifi kwa kukosa Wi-Fi. Wi-Fi ni redio, na redio inaweza kuongezwa. Kinachozuia mara nyingi si umri wa mashine. Ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini mbali sana na hapa, au ni fundi asiyetaka kujisumbua. Vyote viwili tunavilipia sisi.

Wi-Fi haikuzaliwa ndani ya laptopu

Vijana hawaamini nikiwaambia hivi. Kiwango cha 802.11b kilitoka mwaka 1999, kasi yake ya kwenye karatasi ikiwa megabiti 11 kwa sekunde. Mwaka 2003 kikaja 802.11g cha megabiti 54. Mwaka huo huo Intel ikaanza kuuza Centrino, yaani prosesa pamoja na kadi ya Wi-Fi katika jina moja la biashara, na hapo ndipo watu wengi walianza kuona Wi-Fi kama kitu kinachokuja na laptopu. Kabla ya hapo ulinunua laptopu, kisha ukanunua Wi-Fi. Hakuna aliyesema mashine imekufa.

Mimi mwenyewe mwaka 2006 nilikuwa na laptopu ya Pentium III. Rafiki yangu aliyekuwa akisoma Uingereza aliniletea kadi ya kuchomeka ubavuni. Nilikesha siku tatu nikijaribu kuiwasha kwenye Linux, kwa sababu kampuni iliyoitengeneza ilitoa draiva ya Windows peke yake. Draiva, kwa asiyejua, ni ile programu inayoifundisha kompyuta lugha ya kifaa. Mwishowe nilitumia ndiswrapper, programu iliyokuwa ikiichukua draiva ya Windows na kuidanganya kwamba iko nyumbani. Usiku wa tatu taa ikawaka. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Na taa ilipowaka nilipata nini? Karibu hakuna! Kebo za baharini zilikuwa hazijafika kwetu; SEACOM ilianza kufanya kazi Julai 2009, na kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na za kusuasua. Nilikuwa na Wi-Fi nzuri ya kuniunganisha na intaneti mbovu. Leo mambo yamegeuka. Intaneti imefika hadi ngazi za nyumba ya dada, ila mashine ndiyo imeachwa nje mlangoni.

Milango minne, na mmoja wa dharura

Kuna milango minne ya kuiingizia laptopu kongwe Wi-Fi.

Wa kwanza ni ndani. Geuza mashine, toa betri, fungua kifuniko kidogo kwa bisibisi, na mara nyingi utakuta soketi ya kadi. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitumia Mini PCI. Za kuanzia kama 2006 zilitumia Mini PCI Express. Za miaka ya 2010 ya kati hadi leo zinatumia M.2. Kadi hizi haziingiliani, kwa hiyo fungua kwanza uone, ndipo ununue. Tazama pia kama kuna nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe aghalabu, zimelala hapo bila kazi. Hizo ni antena, zinapanda hadi pembeni mwa kioo. Watengenezaji wengi walizitia hata kwenye mashine zilizouzwa bila kadi. Soketi bila antena ni sawa na redio bila waya wa juu: utasikia mkwaruzo tu.

Wa pili ni ubavuni, ile nafasi ya kadi za PCMCIA. Hapa kuna mtego. Nafasi za zamani zaidi ni za biti 16, zilizofuata ni CardBus za biti 32. Kadi ya CardBus huitambua kwa utepe wa shaba wenye vinundu karibu na matundu yake, na imechongwa makusudi isiingie kwenye nafasi ya biti 16. Ikikataa kuingia usiisukume. Kadi nyingi za biti 16 ni za enzi ya 802.11b, na nyingi zinajua usalama wa WEP tu, uliovunjwa na watafiti tangu 2001. Ruta ya leo inayodai WPA2 haitazungumza nazo, na inafanya vyema.

Wa tatu ni USB. Ndio mlango rahisi kuliko yote. Angalia tu kama ni USB 2.0 yenye megabiti 480, maana USB 1.1 ina megabiti 12 kwa jumla, na utaishia kulaumu Wi-Fi kwa kosa la tundu.

Wa nne watu huusahau: tundu la kebo ya mtandao. Nunua ruta ndogo inayoweza kupokea Wi-Fi na kuitoa kwa kebo, iweke mezani, chomeka kebo fupi. Kompyuta haihitaji draiva mpya wala haijui kuna Wi-Fi. Inaona kebo tu. Habari zote za WPA2 zinashughulikiwa na ruta. Kwa mashine kongwe kabisa, ambayo hakuna tena anayeiandikia draiva, hii ndiyo njia ninayoipenda.

Na mlango wa dharura ni simu yako. Unganisha simu ya Android na laptopu kwa kebo ya USB, nenda kwenye mipangilio uruhusu kushiriki intaneti kwa USB. Android imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 2.2 la mwaka 2010. Simu nyingi hushiriki hata Wi-Fi iliyoshikwa na simu, si bando peke yake. Gharama ni sufuri. Usiku ule ule nilimwelekeza mpwa wangu afanye hivyo, na ndani ya dakika tano akawa mtandaoni na ile maiti ya fundi. Dada akapumua, mkopo ukaahirishwa. Lakini simu ni moja na ni ya mama. Ilibidi tutafute dawa ya kudumu.

Nani anatakiwa kuruhusu?

Hapa nakiri kosa langu. Kwa kuwa najifanya mjuzi, nilichagua mlango wa kwanza. Nilimwambia kijana afungue kifuniko anipigie picha. Soketi ya Mini PCI Express iko tupu, antena mbili zimelala pale. Safi kabisa! Nikanunua kadi hapa Nairobi kwa shilingi 1,500, nikaituma kwa basi, tukaifunga kwa simu ya video, yeye ameshika bisibisi na mimi nimeshika kichwa.

Akawasha. Kioo cheusi, mstari mmoja wa maandishi: kuna kadi ya mtandao isiyoruhusiwa, zima, itoe. Na mashine ikagoma kuendelea. Haikusema itawaka bila Wi-Fi. Iligoma kuwaka kabisa.

"Mjomba," akaniuliza, "inasema kadi haijaruhusiwa. Nani anatakiwa kuruhusu?"

Nilinyamaza kidogo. Swali la kijana wa miaka kumi na minane, na sikuwa na jibu ambalo singeona haya kulitoa. Laptopu ni yetu. Kadi tumeinunua kwa pesa yetu. Skrubu tumefungua wenyewe. Nani mwingine yuko ndani ya chumba?

Jibu la kiufundi ni hili. Watengenezaji kadhaa wa laptopu miaka ile waliweka ndani ya BIOS, programu ya kwanza kuamka mashine inapowashwa, orodha ya kadi wanazozikubali. Kadi ikiwa si ya orodha, mashine haiwaki, hata kama ndugu yake wa kiwanda kile kile, chipu ile ile, yumo kwenye orodha kwa namba nyingine. Sababu wanayoitoa ni sheria za redio: Marekani, kwa mfano, kadi na antena hupimwa pamoja, na mtengenezaji hataki kulaumiwa kwa mchanganyiko ambao hakuupima.

Sitaki kuwaonea. Sababu hiyo ina uzito. Mawimbi ni mali ya wote, na kifaa kinachopiga kelele kinaweza kuwaharibia majirani. Na ukiniambia kwamba kifaa cha USB hakizuiwi kwa kuwa kimepimwa kizima na antena yake, nakubali pia. Lakini kuna tofauti kati ya kuonya na kufunga. Wangeweza kuandika "kadi hii hatujaipima" kisha wakamwacha mwenye mali aamue. Wangeweza angalau kuichapisha orodha hiyo kwenye kijitabu cha mashine. Badala yake kufuli imebaki ikilinda mashine ambayo aliyeifunga ameshaisahau, kwenye chumba cha kupanga Mombasa, na ufunguo hauuzwi popote. Mwenye fedha hatalijua tatizo hili kamwe, kwa sababu atanunua mashine mpya. Analijua yule anayenunua mtumba. Yaani sisi.

Kuna wanaoivunja kufuli hiyo kwa kubadilisha BIOS. Inawezekana, lakini ukikosea mashine inakuwa tofali kweli. Sikuthubutu kumfanyia mpwa wangu jaribio hilo na mashine yake ya pekee.

Nunua chipu, usinunue boksi

Tukarudi kwenye USB. Hapa nina somo moja ambalo ningependa kila msomaji aliandike mahali: jina lililoko kwenye boksi halikuambii kitu. Linalokuambia ni jina la chipu iliyo ndani.

Mfano unaojulikana sana ni TL-WN722N ya TP-Link. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271. Matoleo yaliyofuata, kwa jina lile lile, yana chipu ya Realtek. Kwa mtu wa Windows pengine hataona tofauti. Kwa mtu wa Linux ni vifaa viwili tofauti kabisa.

Kwa nini nasifu chipu za Atheros? Kwa sababu mwaka 2008 kampuni hiyo ilitoa draiva huria ya ath9k, nayo ikaingia ndani ya kiini cha Linux. AR9271 ni jamaa ya ukoo huo, na hata programu inayokaa ndani ya chipu yenyewe ni huria. Maana yake ni kwamba kampuni ikifungwa, ikiuzwa au ikichoka, watu wengine wanaendelea kuitunza. Atheros yenyewe ilinunuliwa na Qualcomm mwaka 2011, na draiva bado ipo. Huo ndio mtihani wa kweli wa kifaa: baada ya miaka kumi na tano, nani bado anakijibu? Kile chenye draiva iliyofungwa kwenye sidii ndogo ndani ya boksi kitakufa siku Windows itakapobadilika.

Nilipata kifaa chenye AR9271 kwa shilingi 1,200. Safari hii sikukituma kabla ya kukijaribu. Nikachomeka kwenye mashine yangu, nikaandika amri ya lsusb, nikaona namba 0cf3:9271. Ndiyo yenyewe. Kikapanda basi.

Niliongeza diski ya SSD ya shilingi 2,500 na RAM ya shilingi 1,000 kufikisha gigabaiti 4, kwa sababu mashine ilikuwa bado na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza Januari 2020. Kuipeleka mashine ya namna hiyo mtandaoni ni kumtuma mtoto sokoni usiku. Tukaweka Debian. Kifaa kikaonekana chenyewe bila kuulizwa chochote. Mimi niliyekesha siku tatu mwaka 2006 nilibaki nikicheka peke yangu.

Jumla ni shilingi 6,200, pamoja na ile 1,500 ya ujinga wangu. Dada alikuwa tayari kukopa 38,000.

Mtasema

Najua mtasema muda wangu nao ni pesa. Ni kweli, na si kila kijana ana mjomba anayeandika programu. Ndiyo maana naandika haya. Kazi yenyewe, ukishajua chipu ya kununua, ni ya nusu saa.

Mtasema pia kuna mashine zinazopaswa kuachwa zikapumzike. Nakubaliana nanyi. Kama prosesa ni ya biti 32, njia zinazidi kuwa nyembamba: Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo, ingawa antiX bado inazihudumia. Kama RAM haiwezi kupita gigabaiti moja, kurasa za leo zitaisonga hata ukiiletea Wi-Fi ya mwezini. Na kifaa kama hiki cha kwetu kinashika masafa ya gigahezi 2.4 peke yake; ruta ikiwekwa 5 tu, hakitaiona. Kasi yake ya karatasi ni megabiti 150, utakazopata ni pungufu sana, lakini intaneti ya mwenye nyumba haifiki huko hata ikikimbizwa na mbwa.

Lakini kabla ya kusema "imekufa", mtu ajiulize maswali matatu. Je, prosesa ni ya biti 64? Je, RAM inafika gigabaiti 4? Je, kuna USB 2.0? Ukijibu ndiyo mara tatu, hiyo si maiti. Inasubiri kifaa cha shilingi elfu moja na mia mbili.

Na nina ombi kwa watu wawili. Kwa wenye maduka: andikeni jina la chipu kwenye bei. Hamtapoteza kitu, na mteja atarudi. Kwa mafundi: mkishindwa semeni "mimi sijui", msiseme "haiwezekani". Haiwezekani yenu inampeleka mama wa watu kwenye mkopo, na inapeleka mashine nzima jalalani. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake mpaka inapokuwa taka. Vizuri. Mimi ningeongeza kifungu kimoja tu: asizuie bidhaa hiyo isitengenezwe kabla haijawa taka.

Jana usiku mpwa wangu alinitumia picha. Mistari sita ya Python, inajumlisha michango ya wapangaji ya intaneti na kuonyesha nani hajalipa. Mwenye nyumba amemwomba aiendeleze. Kwenye pembe ya picha kile kifaa cha USB kinaonekana, kimefungwa kwa kipande cha selotepu kisigongwe.

Ile kadi ya 1,500 bado ninayo kwenye droo. Swali la "nani anatakiwa kuruhusu" ninalo pia. Mwenye jibu zuri kuliko langu anieleze.

Haya, tuonane wiki ijayo, mteja akiniachia.